Kutu na Mafuta Mabichi

Maandiko: Mathayo 6:19-21, Zaburi 92:10, Luka 19:20-23, 2 Timotheo 1:6

 

Jumapili iliyopita nilisema leo nitahubiri juu ya kutu. Nikiwa pale mlangoni ndugu mmoja akaniuliza, "Pasta, ni kutu ya mabati ama kutu ya moyo?" Nikamwambia, njoo tu, tutaanza na kutu ya spea za gari. Akacheka, lakini leo amekuja na ameketi pale mbele. Mgeukie jirani yako umwambie: kutu ina neno na mimi leo.

Fungua Biblia yako Mathayo 6, mstari wa 19. Bwana anawaonya wanafunzi wake wasijiwekee hazina hapa duniani, na anataja maadui watatu wa kitu kilichowekwa: nondo, kutu na mwizi. Mwizi anavunja mlango, na asubuhi unajua umeibiwa. Nondo anatoboa nguo, na ukiikunjua unaona tundu. Lakini kutu haivunji kitu na haipigi kelele. Katika Kiyunani, neno lililoandikwa pale ni brosis, na maana yake ni kula. Hata sisi tunasema hivyo hivyo, gari limeliwa na kutu. Yesu alilelewa katika nyumba ya fundi, na alijua anachosema.

Sasa wacha niwaambie habari yangu mwenyewe. Sijawahi kuisimulia madhabahuni, na si habari ya kunisifu.

Wenye umri wangu mnaikumbuka Peugeot 504. Si mnakumbuka zile ndefu za abiria zilizokuwa zikitoka mjini kwenda Nakuru na Kisumu, mmebanana humo na kuku chini ya kiti? Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Watu wakaliamini. Baba yangu aliendesha moja ya zile za abiria kwa miaka mingi, na alipostaafu akajinunulia saluni yake mwenyewe, 504 nyeupe. Lilipochoka likasimama nyumbani kwangu Uthiru, juu ya mawe, tairi zimetolewa.

Siku moja Baba akaniambia, "Mwanangu, nataka unipeleke nyumbani na gari hili. Mara moja tu." Nikamwambia, "Sawa, Baba. Wacha kwanza nilitengeneze vizuri."

Nikaanza kutafuta spea. Ufaransa iliacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983, kwa hivyo si kitu cha kuingia dukani na kuagiza. Nilikuwa nikishuka mjini, nateremka hadi Kirinyaga Road, ile wazee wetu bado wanaiita Grogan, naenda duka kwa duka. Hapa wananiambia hakuna, kule wananiambia jaribu nyuma. Nilipata slivu za injini na ringi zake. Mwezi mwingine nikapata diski mbili za breki. Mwaka uliofuata nikapata bering za magurudumu ya mbele. Kila kitu nilikitia kwenye katoni, na katoni nikaziweka stoo, zile za mabati nyuma ya nyumba, juu ya sakafu ya simiti. Nikafunga kufuli. Watu wakiniuliza habari za gari, najibu kwa kifua, "Spea zote ninazo."

Baba naye alikuwa na sanduku lake la bati chini ya kitanda, na ndani mlikuwa na spea alizonunua zamani, wakati bado anaendesha. Kila mwaka, mwezi wa tatu kabla ya mvua ya masika, na mwezi wa kumi kabla ya mvua ya vuli, alilivuta nje, akaketi juani na kitambaa na mkebe wa grisi. Alikuwa akiniuliza, "Zako umezipaka mafuta?" Namjibu, "Baba, zile ni mpya, ziko kwa karatasi zake." Ananyamaza.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kisha Baba akaugua. Hapo ndipo nikaamka. Nikabeba katoni zote nikampelekea fundi mmoja mzee kule Kangemi, nikamwambia, fundi, fanya haraka, nataka kumpeleka mzee wangu nyumbani. Fundi akafungua katoni ya kwanza, na chini yake ikabaki mezani, imeoza. Akatoa bering, akaizungusha karibu na sikio. Akaniuliza, "Pasta, ulinunua ikiwa hivi?" Slivu zilikuwa na vishimo ndani, kama uso uliougua ndui. Diski zilikuwa nyekundu pande zote mbili.

Wapendwa, gari halikuwa tayari. Baba alilala mwezi wa sita. Tulimpeleka nyumbani, lakini si kwa gari lile.

Tuliporudi kutoka kumzika, nikalivuta lile sanduku chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na bering mbili za mbele, zile zile nilizokuwa nimetembea Grogan nzima kuzitafuta, zimezungushiwa kitambaa chenye grisi na karatasi ya nta. Nikafungua. Ziling'aa. Baba alizinunua kabla mimi sijaoa. Na ndani ya kifuniko, kwa penseli, alikuwa ameandika: mwezi wa tatu, mwezi wa kumi, mwezi wa tatu, mwezi wa kumi, mwaka juu ya mwaka. Alipofika kwa mwezi wa kumi wa mwisho, mkono ulikuwa umetetemeka.

Nilikaa chini pale. Spea zake zilikuwa za zamani kuliko zangu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mji ni ule ule, na mvua ni ile ile. Kwa nini zangu ziliwe na zake zisiliwe?

Nikarudi kwa fundi nikamwambia, nifundishe. Akanifundisha mambo matano, na kila aliponiambia moja, Roho Mtakatifu alinifunulia andiko.

La kwanza: osha, kisha kausha, ndipo upake. Fundi alisema, "Ukishika chuma kitupu kwa mkono, umekiachia jasho, na jasho lina chumvi. Baada ya siku kadhaa utaona alama ya vidole vyako imeandikwa kwa kutu." Ukipaka mafuta juu ya maji na uchafu, umeyafungia maji ndani yakae na chuma. Kuna watu wanataka kuwekewa mikono kila Ijumaa, wanataka kupakwa mafuta, lakini hawataki kuoshwa. 1 Yohana 1:9 inatuagiza kuungama kwanza, na Mungu ni mwaminifu kutusafisha. Upako juu ya dhambi iliyofichwa hauiondoi. Toba kwanza. Amina?

La pili: weka kitu katikati. Kutu inataka vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Ukiondoa kimoja, hakuna kutu. Sasa chuma ndicho chenyewe, huwezi kukiondoa. Hewa ya Nairobi huwezi kuizima. Unachoweza ni kuweka utando wa mafuta ili maji na hewa visikifikie chuma. Ndivyo Baba alivyofanya. Hakuzihamisha spea zake kwenda jangwani. Aliziacha pale pale, lakini zikiwa zimefunikwa. Wapendwa, sisi sote tunapanda matatu zile zile za Waiyaki Way, tunalipa kodi ya nyumba ile ile inayopanda, tunasikia matusi yale yale ofisini. Tofauti ni kilicho kati yako na hewa hiyo. Isaya 21:5 inawaamuru wakuu wazitie ngao zao mafuta. Na Daudi alipomlilia Sauli katika 2 Samweli 1:21, alitaja ngao ya mfalme ambayo haikutiwa mafuta. Shujaa alianguka vitani, na ngao yake ilikuwa kavu.

Fundi akaongeza, si kila kitu kinapakwa mafuta ya aina moja. Bering inataka grisi. Slivu inatosha oili. Lakini raba za breki ukizipaka oili ya injini zinavimba, umeziharibu. Wazazi, mnaskia? Mtoto mmoja anatakiwa kukemewa, mwingine ukimkemea vile vile umemvunja. Uliza Roho Mtakatifu kabla ya kushika mkebe.

La tatu: angalia inapokaa. Katoni inanyonya unyevu, na simiti inautoa chini. Mimi nilikuwa nimeweka chuma juu ya sponji! Fundi alisema, inua juu ya rafu, funga kwa karatasi ya nta. Nikamuuliza, je, nikifunga kwa nailoni nikakaza? Akacheka. "Pasta, kama kuna unyevu ndani, umeufungia humo." Mnaijua baridi ya Uthiru mwezi wa saba. Usiku chuma kinakuwa baridi kama barafu. Asubuhi hewa yenye joto kidogo ikikigusa, kinatoka jasho. Ndani ya nailoni jasho hilo halina pa kwenda. Nikawakumbuka ndugu ambao wakianza kuteleza wanaacha ushirika, hawashiki simu, wanajifungia nyumbani wakisema "napigana na hili jambo kivyangu." Ndugu yangu, umejifunga nailoni, na unyevu uko ndani pamoja nawe. Toka. Tafuta mtu mmoja mwaminifu umwambie. Yakobo 5:16 imetuagiza tuungamiane na kuombeana.

La nne: rudia. Hapa ndipo nilipolia. Mafuta hayakai milele. Yanachuruzika, yanakauka, yanashika vumbi. Baba alijua, ndiyo maana akaandika mwezi wa tatu na mwezi wa kumi. Hakungoja aone wekundu ndipo apake. Alipaka kabla ya mvua. Zaburi 92:10 inazungumza juu ya kupakwa mafuta mabichi. Mabichi, wapendwa! Si ya mwaka wa kuokoka kwako. Ukimwuliza mtu ushuhuda anakupeleka kwenye krusedi ya miaka ishirini iliyopita. Haleluya kwa krusedi ile! Lakini asubuhi ya leo ulipakwa nini? Mambo ya Walawi 6:12 inasema kuhani aweke kuni juu ya madhabahu kila siku asubuhi. Moto uliwashwa na Mungu, lakini kuni zilibebwa na mtu.

La tano, na ni hapa ninataka tukae kidogo: ifunge kwenye gari. Twende Luka 19:20. Yule mtumwa wa tatu alipewa fungu la fedha akaliweka katika leso. Angalia vizuri. Hakulipoteza. Hakulichafua. Alilifunga vizuri, na Bwana wake aliporudi akalitoa likiwa zima. Lakini alikemewa. Kwa nini? Kwa sababu halikupewa leso, lilipewa kazi. Unaweza kuepuka kutu na bado ukapatikana na hatia.

Hili ndilo lililonichoma zaidi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kutopaka mafuta. Kosa langu kubwa lilikuwa kwamba Baba hakuniomba gari la maonyesho. Kila mwaka pale uwanja wa mbio za farasi, Ngong Road, kuna mashindano ya magari ya zamani, ile Concours d'Elegance, na waamuzi wanayakagua magari hayo kwa makini. Mimi nilikuwa nimeingiza hilo kichwani. Nilitaka rangi, nilitaka viti vipya. Baba alitaka kwenda nyumbani. Bering zikifungwa, breki zikishika, ringi na slivu zikiwekwa, mwaka ule wa kwanza tungekuwa tumekwenda na kurudi. Nilikuwa nakusanya, na kukusanya kulinifanya nione kama ninamtii.

Wapendwa, kuna mtu hapa ana neno la kusema na baba yake, na anangoja kwanza apate pesa za kumpelekea. Mpigie leo. Kuna mama hapa alikuwa kiongozi wa maombi ya usiku, akaumizwa na maneno ya watu, akaiweka karama yake stoo. Amina yako naijua sauti yake, mama, nimeikosa. Kuna kijana amesoma, ana cheti, ana uwezo wa kufundisha watoto wetu wa Sunday School, lakini anasema, Pasta, nikishapata kazi nitatumika. Paulo alimwandikia Timotheo, 2 Timotheo 1:6, aichochee karama iliyo ndani yake. Timotheo hakuwa ameipoteza. Ilikuwa ndani. Lakini kilicho ndani bila kuchochewa kinapoa.

Na kumbuka, siku ya kufunga spea kuna kazi moja zaidi. Diski ya breki iliyohifadhiwa na mafuta lazima ioshwe mafuta yale kabla ya kufungwa, la sivyo gari halitashika breki. Mafuta yaliyokutunza ukiwa rafuni si yale utakayoendea safari. Mungu akikuita kazini, usishangae akikuosha tena.

Sasa mtu ataniuliza, Pasta, na mimi ambaye tayari nimeshika kutu? Nitakujibu kama fundi alivyonijibu. Alizipanga spea zangu mezani mafungu mawili. Diski kutu yake ilikuwa ya juu. Akazisugua kwa brashi ya waya, akazikereza kwenye mashine, zikawa nyeupe. Lakini bering na slivu akazisukuma kando. "Hizi, hapana. Bering ikishakuwa na vishimo, ukiifunga itakuua barabarani."

Sitawadanganya, wapendwa. Wewe mwenyewe hujatupwa. Damu ya Yesu inasafisha kila dhambi, na ukirudi leo atakupokea leo. Lakini kuna siku ambazo hazirudi. Nimesamehewa, najua nimesamehewa, na bado Baba hakuketi katika gari lile. Msamaha haukunirudishia mwezi ule. Ulinipa nguvu ya kufanya lililobaki. Ndiyo sababu nasema nanyi kwa nguvu hivi: lililo mkononi mwako lifanye wakati mwenye haki nalo bado yuko.

Lililobaki kwangu lilikuwa ni Mama. Fundi alizichukua zile bering za Baba kutoka sandukuni, akazifunga magurudumu ya mbele. Slivu nilitafuta nyingine, na safari hii nilipozipata zilikaa kwangu siku mbili tu, zikaenda kwa fundi. Rangi sikupaka. Mlango wa nyuma mpaka leo unafunguliwa kwa nje. Mwezi wa kumi na mbili nilimweka Mama kiti cha mbele, tukatoka Uthiru alfajiri, tukapanda Limuru, tukateremka Mai Mahiu tukapita lile kanisa dogo la Waitaliano. Mama hakusema kitu mpaka Naivasha. Kisha akasema, "Baba yako alikuwa akiimba hapa." Akaanza kuimba yeye.

Sanduku liko chini ya kitanda changu sasa. Mwezi wa tatu mwaka huu nimelitoa, nimepaka, nimeandika chini ya mwandiko wake. Na kila kilichomo nimekiandikia ni cha gari gani na kitafungwa lini.

Tusimame tuombe. Kama kuna kitu Mungu alikupa na umekiweka stoo, weka mkono wako kifuani.

Bwana Yesu, tumekuja na katoni zetu. Wewe unajua kilichomo. Tuoshe kwanza. Tukaushe machozi. Utupake mafuta mabichi, si ya mwaka jana, ya leo. Ututoe sakafuni, utuweke karibu na ndugu zetu. Kisha, Bwana, usituache rafuni. Tufunge pale ulipokusudia, tuzunguke, tubebe watu wako mpaka wafike nyumbani. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Ni nani anangoja kitu kutoka kwako, nawe unasema "nikishamaliza kwanza"? Mtaje kwa Mungu, kisha mpigie simu kabla ya Jumatano.
2. Soma Luka 19:11-27. Yule mtumwa wa tatu alimwogopa bwana wake. Wewe hofu yako ni gani?
3. Chagueni pamoja saa ya maombi ya kila siku. Iandikeni mahali mtakapoiona.